Bunduki na kartushi za kuwindia: angalia vizuri kabla ya kuingia porini

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili wakati baba amelala baada ya zamu ya usiku,

Majani yakiisha kuungua, tangu mwezi wa saba mpaka wa tisa, wengi wa Hewa Bora wanaopata konje hawaendi mbali. Wanapanda kamio ya barabara ya Kasenga au ya Kasumbalesa, wanashuka kijijini kwa mjomba, na kesho yake asubuhi wako porini. Wanatafuta nsya, yule mnyama mdogo ambaye wengine wanamwita kabuluku, au pongo, au nguruwe wa porini. Wanarudi na nyama kavu, na nyumba nzima inafurahi.

Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kaske, vumbi na malaria. Leo tunasema juu ya bunduki, kwa sababu mambo yanayotoka huko porini yanafika mpaka dispansere. Mengine yanaonekana kwa macho: kidole kilichokatika, uso uliochomwa na baruti. Mengine hayaonekani, yanaingia nyumbani ndani ya sufuria. Yote yanaanzia siku ile mtu anapochagua bunduki na kitu cha kutia ndani yake.

Tuanze na karatasi, tusikae hapo sana. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 (namba 82-002) inataka ruhusa ya kuwinda. Sheria ya silaha ya 3 Septemba 1985 (namba 85-035) inataka mwenye bunduki awe na ruhusa yake. Ruhusa ya kaka yako si ruhusa yako. Bunduki ya vita, Kalashnikov au nyingine, si ya raia, hata kama mtu anakuazima ili mgawane nyama. Na mbuga za Upemba (tangu 1939) na Kundelungu (tangu 1970) si mahali pa kuwinda, hata ukiwa na karatasi zote mfukoni.

Sasa bunduki yenyewe. Wengi wetu tunajua ile ya kalibre 12, yenye mtutu mmoja au miwili, laini ndani. Namba hii watu wanaisema kila siku bila kujua maana yake. Ni hesabu ya zamani: chukua ratili moja ya plombo, yaani gramu 453, uigawe katika mipira 12 iliyo sawa. Mpira mmoja unaenea barabara katika mtutu huo. Ukigawa katika 16 mipira inakuwa midogo, ukigawa katika 20 inakuwa midogo zaidi. Ndiyo maana namba ikipanda, tundu linapungua. Kalibre 12 ina tundu la karibu milimita 18 na nusu, kalibre 16 karibu 17, kalibre 20 karibu 15 na nusu.

Hapo kuna mtego, hasa wawindaji wawili wenye bunduki mbalimbali wakiweka kartushi katika mfuko mmoja. Kartushi ya 20 ikitiwa katika bunduki ya 12 haikai mahali pake. Inateleza, inakwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Mwindaji anavuta, hasikii kitu. Anafungua, anaona chumba cha kartushi ni kitupu, anafikiri alisahau kutia. Anatia ya 12. Akivuta tena, mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Kwa sababu hiyo viwanda vingi vinazipa kartushi za 20 rangi ya manjano. Ukiona ya manjano katika mfuko wa kalibre 12, uitoe kabla ya kuondoka nyumbani, si porini saa kumi na moja ya asubuhi wakati macho hayajazoea giza.

Mtego mwingine ni urefu, na huu unawakamata hata wazee wa kazi. Kartushi za kalibre 12 zina urefu wa milimita 65, au 70, au 76. Urefu umeandikwa juu ya kartushi, na kwa bunduki nyingi umepigwa muhuri katika chuma, chini ya mtutu. Lakini urefu ulioandikwa ni wa kartushi iliyokwisha kupigwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kabla ya kupigwa mdomo umekunjwa, na kartushi ni fupi. Basi ile ya 70 inaingia bila taabu katika bunduki ya 65, na bunduki inajifunga vizuri kabisa, kama vile hakuna kosa. Kuingia si kufaa. Ukipiga, mdomo unakosa nafasi ya kufunguka, unabana njia, na nguvu ya moto inapanda kupita ile ambayo chuma kilipimwa nayo. Pengine mara ya kwanza bunduki inavumilia, na ya pili, na ya kumi. Bunduki isiyo na alama ya urefu, uihesabu kuwa ya 65 mpaka fundi anayejua kazi aipime.

Bunduki nyingi za zamani zinazorithiwa hapa kwetu zilitengenezwa Ubelgiji, kwa hiyo tafuta alama za Liège. Herufi ELG ndani ya umbo la yai zinaonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa katika nyumba ya majaribio ya mji ule. Tafuta pia simba mdogo juu ya herufi PV. Maana yake ni kwamba ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa, isiyotoa moshi mwingi. Bunduki ya babu isiyo na PV ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na kartushi za dukani leo si za baruti nyeusi. Iache ukutani kama ukumbusho.

Halafu ikague kwa mkono. Hakikisha ni tupu, ifunge, ishike kitakoni na kuitikisa. Mtutu ukicheza na kugonga, kufuli limechoka. Ifungue, tazama ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga. Ukiona kivuli cha duara kama pete, ni mahali chuma kilipovimba, na bunduki hiyo usiinunue hata kwa bei ya kuku. Iweke begani pia. Kitako kirefu mno kinamfanya mtu mfupi akiegemeze juu ya mkono badala ya bega, na ndipo tunamwona dispansere na alama nyeusi mpaka kwenye kiwiko.

Juu ya magobori, yaani bunduki za mafundi wa kijijini zinazoshindiliwa kwa mbele, nitasema bila kuficha. Bomba la maji halikutengenezwa kuzuia moto wa baruti. Hakuna aliyelipima, na mshono wake ndio unaofunguka kwanza. Lakini kuna jambo baya zaidi, na ninyi wa kazi ya kupasua mawe mnalijua kuliko mimi. Baruti nyeusi inaungua. Kilipuzi cha mgodini hakiungui hivyo, kinapasuka chote kwa mara moja, na kimetengenezwa kuvunja jiwe. Mtu anayetoa kilipuzi kazini na kumpelekea mjomba wa gobori hakumpelekea nguvu ya kupiga mbali, amemtia jiwe la kupasuliwa mbele ya uso. Hata baruti iliyotolewa ndani ya kartushi ya dukani na kumiminwa katika gobori inaweza kupasua bomba. Tuseme wazi vilevile kwamba huo ni wizi wa vilipuzi, na hautaishia kwa mkubwa wa kazi tu.

Kuna jambo moja la mgodini ambalo ningependa mlipeleke porini. Tundu lililokataa kulipuka hamlikaribii mara moja. Kwa bunduki ni hivyohivyo. Kartushi ikikataa, usifungue haraka. Bakiza mtutu ukielekea chini mahali salama, hesabu polepole mpaka sitini, ndipo ufungue ukiwa umegeuza uso. Kwa gobori, ngoja zaidi.

Tuje kwenye kile kinachopigwa. Dukani utaonyeshwa kartushi za namna tatu. Za marisau, zile punje ndogo, ni za kanga na kwale. Ukimpiga nsya kwa marisau umemjaza punje mwili mzima, na mara nyingi anakimbia kufa mbali, chakula cha fisi. Za shevrotini zina mipira michache mikubwa, tuseme tisa, kila mmoja wa karibu milimita 8 na nusu. Na za Brenneke zina kipande kimoja kizito. Jina hili ni la Mjerumani Wilhelm Brenneke aliyekitengeneza mwaka 1898.

Watu wengi wanapenda shevrotini, kwa mawazo kwamba mipira tisa ina bahati tisa. Mimi sikubali. Mipira inaachana kadiri inavyokwenda. Jaribu mwenyewe: tundika mfuko wa saruji uliofunguliwa mbele ya kichuguu, chora duara la ukubwa wa sahani ya bukari, maana kifua cha pongo hakizidi hapo, halafu piga kwa hatua 25. Hesabu matundu yaliyo ndani ya duara. Ukikuta mawili au matatu, mengine yako tumboni mwa mnyama, au mguuni, au yamempita na kwenda kwa mtu. Sogea mpaka mengi yaingie, na umbali huo ndio wako. Usiuzidi, hata mnyama awe mzuri namna gani. Kwa Brenneke mtu aliyejizoeza anaweza kupiga vizuri mpaka mita 40 au 50, kidonda ni kimoja, na mnyama anaanguka. Kama mtutu wako umebanwa sana mdomoni, muulize fundi kwanza. Kwangu mimi, kwa pongo na nguruwe, kalibre 12 iliyo nzima yenye Brenneke ndiyo inayofaa pori letu la miti ya miombo, ambapo mara nyingi jicho halifiki mbali.

Ile ndogo ya kalibre 22 ni ya ndege na sungura. Risasi yake ina gramu mbili na nusu hivi, inamtesa pongo bila kumwangusha, na bado inaweza kuruka kilomita moja na nusu. Karabini kubwa zenye michirizi ndani ya mtutu, kama 7×57 au .308, zinaua vizuri sana, na anayejua kuzitumia hana haja ya mafundisho yangu. Ile ya .375 ni ya nyati, ukimpigia nsya hutabaki na nyama. Lakini kumbuka kwamba risasi ya karabini iliyokosa inaweza kwenda kilomita nne, na Brenneke zaidi ya kilomita moja. Pori hili si tupu. Kuna wachoma makala, kuna wachimbaji wadogo, kuna mama na watoto wanaokata kuni, na mvua zikianza wanatafuta uyoga. Mungu alitupa vichuguu katika Katanga, vingine virefu kupita nyumba. Panda juu ya kimoja ili upige kuelekea chini, au ngoja mnyama apite mbele ya kingine ili udongo upokee risasi. Mnyama aliyesimama juu ya mwinuko, nyuma yake mbingu tu, mwache aende.

Sasa nasema nawe, mama, maana sehemu hii inahusu jiko lako.

Kiswahili kinayaita kwa jina moja, risasi, madini yale laini na kile kinachotoka katika bunduki. Hapa kwetu madini hayo ni plombo, na plombo ni sumu. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kiasi chake ambacho kimejulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo anaumia kuliko mtu mzima, maana inaingia katika ubongo unaokua, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto. Sisi wa hapa tuna sababu ya kuogopa zaidi. Mwaka 2009 wachunguzi wa Université de Lubumbashi na wa Louvain, Ubelgiji, waliandika kwamba walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi mno, na plombo pia ilikuwa juu kuliko kwa watu wa mbali. Watoto wetu wameshabeba mzigo wao. Tusiwaongezee katika mchuzi.

Inaingiaje? Watu wanafikiri risasi inabaki nzima, unaitoa kwa kisu na mambo yamekwisha. Sivyo. Plombo ikigonga mfupa inavunjika vipande vidogo kama chumvi, ulimi hauvisikii. Huko Marekani, mwaka 2009, wachunguzi walipiga picha za eksirei za paa 30 waliouawa kwa karabini za risasi za plombo. Wote 30 walikuwa na vipande vya madini mwilini. Nyama yao iliyosagwa walipewa nguruwe kula, na plombo ikapanda katika damu ya nguruwe. Mwaka uliotangulia, katika jimbo la Minnesota, walijaribu risasi mbalimbali kwa mizoga ya kondoo. Risasi za karabini zinazopasuka haraka ziliacha vipande vingi, vingine zaidi ya sentimita 30 kutoka kidonda. Kile kipande kizito cha kalibre 12 kiliacha vichache zaidi. Hiyo ni sababu yangu nyingine ya kupenda Brenneke kuliko shevrotini: kidonda kimoja unaweza kukikata, vidonda tisa huwezi.

Basi fanya hivi. Nyama yote ya karibu na njia ya risasi, shibiri moja kila upande, ikatwe na kuzikwa, wala mbwa asipewe. Ikiwa ni karabini ya plombo, kata zaidi. Najua kwamba kwa nsya mdogo hiyo ni nyama nyingi, na mtu aliyetembea siku tatu atanung'unika. Mwache anung'unike. Usifikiri maji yataondoa vipande, yanavisambaza tu. Usilaze nyama katika ndimu au siki kabla ya kukata, kwa maana uchachu unayeyusha plombo na kuiingiza katika nyama. Watoto wadogo na mama mwenye mimba au anayenyonyesha wapewe samaki au sombe siku hiyo, hata kama nyama imekatwa vizuri.

Kuna risasi zisizo na plombo kabisa, na furaha yangu ni kwamba zile za karabini zinatengenezwa kwa shaba. Ndiyo, shaba hiihii tunayoitoa ardhini. Haivunjiki ovyo: inafunguka mbele kama ua na kubaki kipande kimoja. Denmark ilikataza marisau ya plombo tangu 1996, na mwaka 2024 ikakataza pia risasi za plombo za karabini. Ukimpata ndugu anayekuletea kartushi kutoka ng'ambo, mwagize hizo. Lakini marisau ya chuma usiyatie katika bunduki ya zamani, yanakwaruza mtutu na yanaweza kuuvimbisha mdomoni.

Jambo ambalo halina mjadala ni kuyeyusha plombo nyumbani. Wapo wanaovunja betri za gari, wanatia plombo katika sufuria kuukuu juu ya mbabula, wanamimina mipira ya gobori, na watoto wamezunguka wanatazama. Plombo inayeyuka kwa digrii 327 tu, makala yanaifikisha bila shida. Vumbi la betri linabaki chini, katika nguo, katika mikono ya anayetambaa. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 kwa sababu ya plombo ya betri za zamani. Hata majirani zetu wa Kabwe, ambao mgodi wao wa plombo ulifungwa mwaka 1994, bado wana watoto wenye plombo katika damu. Sufuria iliyoyeyushia plombo isirudi kupikia, na mbabula hiyo isirudi jikoni.

Mtoto mwenye plombo mara nyingi haonyeshi kitu. Pengine tumbo linamuuma, haendi choo vizuri, anapungukiwa damu, na masomo hayaingii kama zamani. Ukimleta dispansere, sema mara moja kwamba nyumbani mnakula nyama ya porini au kuna mtu anayeyeyusha betri. Munganga asipoambiwa atatafuta minyoo.

Kwa safari yenyewe: ndani ya kamio bunduki iwe tupu na imefunguliwa, kartushi ziwe katika mfuko mwingine, na mfuko huo aubebe mtu mwingine. Nyumbani kartushi zifungiwe kwa ufunguo, mbali na bunduki.

Na chukua vizibo vya masikio. Kazini tunakudai uvivae sauti ikifika desibeli 85. Mlio mmoja wa kalibre 12 unapita 140, na wale wanaoniambia kwamba hawasikii vizuri sikio la kushoto, wengi ni wawindaji wanaopigia bega la kulia. Mkubwa wa usalama akikuuliza unavipeleka wapi siku ya konje, mwambie ukweli, atakupa viwili zaidi kwa ajili ya mjomba.